Kitabu Ambacho Sijakirudisha Garsen

Saumu mwanangu, na wenzako wote mnaokaa sasa nyuma ya ile meza ndefu ya maktaba ya Garsen, ujumbe wenu wa simu umenifika hapa Chara. Huu ni wa tatu. "Ndugu msomaji, kitabu ulichoazima kimepita muda wake. Tafadhali kirudishe." Niliusoma nikiwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi! Mimi niliyewafuata watu kanisani na kwenye mlango wa msikiti kuulizia vitabu. Mimi niliyemsimamisha bwana harusi siku ya harusi yake, nikampa mkono wa hongera, kisha nikamuuliza kile kitabu cha hesabu kiko wapi. Leo jina langu liko kwenye orodha ya wachelewaji, na mdhamini aliyenitilia sahihi ni wewe.

Sijakisahau wala sijakipoteza. Kiko hapa mezani, nimekifunika kitambaa kuku wasikikanyage. Kabla hamjaniletea ujumbe wa nne, nipeni nafasi nieleze. Na nitaeleza kwa njia ndefu, kwa sababu kazi ile niliifanya miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza niliifanyaje. Siku ya kustaafu nilipewa leso mbili, soda na kiti cha plastiki, tukapiga picha, basi.

Mliponikuta mimi nilikuwa tayari Mama Maktaba, mtu mzima wa miwani. Lakini nilianza nikiwa msichana wa hapa Chara, binti wa mkulima, nimemaliza shule na sijui hata kushika kitabu. Msicheke. Kuna namna ya kushika kitabu. Wengi wenu nawaona mnakivuta kutoka rafuni kwa kukinyofoa kichwani, pale juu ya mgongo, ndipo kinapochanika. Sukuma viwili vya pembeni ndani kidogo, halafu ukishike kile chako kiunoni. Aliyenifundisha ni Mzee Buya, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mwembamba aliyevaa koti jua likiwaka. Siku ya kwanza alinipiga kidole cha mkono kwa rula. Ya pili pia.

Mzee Buya alikuwa mkali wa kimya. Alichora mwenyewe kile kibao kikubwa cha KIMYA ambacho nadhani bado kipo ukutani. Lakini siku ya mnada wa mifugo, watu wa ng'ombe wakishamaliza biashara yao, walikuja kwa kundi, wakaweka fimbo zao nje zimeegemea ukuta, wakaingia na kukaa chini. Hapo Mzee Buya alisimama chini ya kibao chake mwenyewe, akafungua gazeti, akalisoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maduka. Alisoma kila kitu: habari za bunge, bei za ng'ombe, matangazo ya vifo. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani waliziba masikio. Nilipomuuliza kuhusu kibao, aliniambia, "Hicho ni cha wale wanaojua kusoma."

Makosa yangu ni mengi na sitayataja yote, maana bado nina heshima kidogo hapa kijijini. Lakini la mafuriko lazima mlijue, kwa sababu mto utapanda tena na nyinyi ndio mtakaokuwepo. Nilikuwa nimetoka semina, nimefundishwa kwamba vitabu vizito hukaa rafu ya chini ili rafu isipinduke. Aliyeandika sheria ile hakuwahi kukaa karibu na mto Tana. Maji yalipoingia, yalianza na zile juzuu nene za ensaiklopidia, zikavimba, zikabanana, ikabidi fundi aje avunje rafu kwa nyundo ili zitoke. Vizito wekeni katikati. Na kitabu kikilowa, kisimamisheni kivulini kimefunguka, tieni vipande vya gazeti kati ya kurasa, mbadilishe kila baada ya saa chache. Msikianike juani, na kwa jina la Mungu msikipige pasi. Mimi nilikipiga pasi ya makaa kitabu kimoja cha dini, na mpaka leo kina alama ya pasi kwenye ukurasa wa mbele. Waumini wawili wameshaniuliza maana yake.

Nayakumbuka sana yale ya Jumamosi. Watoto walikaa mkekani, nami nikawasimulia hadithi kwa Kiswahili. Nusu yao hawakunielewa. Kwa hiyo nikishasema kipande, mtoto mmoja alikirudia kwa Kipokomo, mwingine kwa Kiorma, mwingine kwa Kisomali, na kila mmoja aliongeza chumvi yake. Hadithi moja ilimaliza asubuhi nzima. Fisi alianguka shimoni mara nne, kila lugha mara yake, na kila mara walicheka upya. Nasikia siku hizi mnawawekea katuni kwenye skrini. Sawa, ni vizuri, wanatulia. Lakini mimi naikosa ile kelele, naikosa kweli kweli.

Sasa nije kwenye kitabu.

Miongoni mwa wale watu wa mnada waliokuja kusikiliza gazeti alikuwepo mmoja jina lake Galgalo. Mworma, mrefu, miaka kama arobaini hivi wakati ule, mpole wa kusema. Wenzake wakishasikia bei za ng'ombe walikuwa wanaanza kusinzia, yeye alibaki ametoa macho mpaka gazeti likunjwe. Siku moja alibaki nyuma, akaja mpaka mezani kwangu.

"Mwalimu," akaniita, ingawa mimi si mwalimu, "huyu mzee akikufa, gazeti nani atatusomea?"

Nikamwambia Mzee Buya yuko mzima, hana hata kikohozi.

"Najua. Lakini mimi nataka soma mwenyewe. Nisingoje mzee."

Tulikuwa na darasa la ngumbaru alasiri, kwa watu wazima, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho sasa mmekijaza viti vibovu. Nilikuwa na wanawake wa sokoni, mlinzi wa benki, na mzee mmoja aliyekuja kwa sababu mke wake alikuwa amemfukuza nyumbani mchana. Galgalo akaingia. Kiangazi chote kile, ng'ombe wao walikuwa karibu, kwenye majani ya delta, na yeye alimwachia ndugu yake zamu, akatembea kuja darasani. Alishika kalamu kama mtu anayeshika kamba ya ndama mkorofi. Herufi zake zilitoboa karatasi. Kiangazi cha kwanza alijifunza herufi. Cha pili alisoma vitabu vya watoto, vile vya herufi kubwa, bila haya yoyote, na watoto wa Jumamosi walimsahihisha naye akawashukuru. Cha tatu akaniambia amechoka na vitabu vya sungura, anataka kitabu cha mtu mzima.

Nikampa hiki kilichoko mezani kwangu. Ni hadithi ya mtumishi aliyesingiziwa kwamba ameiba punda wa bwana wake. Akaapa kumtafuta punda yule mpaka ampate, akapita mji baada ya mji. Kurasa mia moja sitini na mbili. Galgalo alisoma mistari ya kwanza hapo hapo amesimama, kidole kikifuata maneno, akakatisha ghafla.

"Mwalimu, huyu mtu ya kitabu hajui mifugo."

"Kwa nini?"

"Punda imepotea. Hajasema alama. Sikio imekatwa namna gani? Rangi? Huyu mtumishi atajuaje punda ni yake?"

Nilimwambia aendelee, pengine mbele itasemwa. Nilimcheka moyoni siku ile, na sasa kila nikikifungua kitabu hiki huona wazi kwamba alikuwa na haki. Mwandishi hakusema.

Sheria ilikuwa kama yenu ya leo, siku kumi na nne. Mimi nilikuwa nimeshaiona shida yake. Mtu anayelala leo hapa na kesho kule na ng'ombe wake, siku kumi na nne utamwekea wapi? Nikaenda kwa Mzee Buya nikamwomba ruhusa nimpe Galgalo muda wa msimu. Mzee alinitazama juu ya miwani, akasema, "Wewe ndiye unayemjua. Mpangie wewe." Nikatoka kifua mbele. Nilijiona mimi ndiye mkutubi wa kwanza duniani kufikiria jambo kama hilo. Nikachukua kalamu, na pale kwenye karatasi ya tarehe, badala ya mhuri, nikaandika kwa mkono wangu: mvua ikianza.

Nikamwambia, "Kaa nacho, Galgalo. Usiwe na haraka. Kirudishe mvua ikianza."

Aliyatazama yale maandishi muda mrefu. Nilidhani anayasoma polepole tu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akakifunga kitabu kwenye karatasi ya nailoni, akaenda.

Vijana wangu, mimi nimezaliwa Chara. Kwetu mvua ikianza kila mtu yuko nyumbani. Walioko Malindi wanarudi, walioko Hola wanarudi, majembe yanatoka, mbegu zinashushwa. Ukitaka kumpata mtu, mngoje mvua ianze. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao mvua ndiyo inawaondoa. Mvua ikianza, nyikani kunaota majani, kunajaa maji mabwawani, na huku mtoni kunakuwa tope na mbung'o na mafuriko. Ng'ombe lazima waondoke, na waondoke mara moja. Nilikuwa nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, nimekunywa maziwa yao kila asubuhi, na jambo hilo sikulijua. Nililiona kwa macho kila mwaka na sikulijua.

Mwaka ule mvua iliwahi. Siku ya tatu ya mvua mlango wa maktaba ulifunguliwa, akaingia Galgalo, tope mpaka mapajani, kanzu imemganda mwilini. Kitabu kilikuwa kikavu kabisa ndani ya nailoni yake. Akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mvua imeanza," akasema. "Nimeleta."

Chumba kilikuwa kimejaa watu waliojikinga mvua. Nami, badala ya kumpa mtu yule kiti na chai, nikasimama nikamgeuza kuwa mfano. Nikawaambia makarani waliokuwa pale na walimu wawili wa shule, "Mnaona? Huyu hana ofisi, hana saa, hana kalenda, na amerudisha siku aliyoambiwa. Nyinyi je?" Watu wakapiga makofi. Nikagonga mhuri kwa nguvu, pa! Nilikuwa najipigia makofi mwenyewe, kwa akili yangu ya msimu.

Galgalo akakunja nailoni yake. Akakitazama kitabu, si mimi. "Kitabu ni nzuri," akasema. Akachukua fimbo yake nje, akaingia kwenye mvua.

Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Baada ya wiki moja nilikuwa natengeneza migongo ya vitabu. Gundi nilipika mwenyewe, unga wa ngano na maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, ndipo mende wasile. Nikafika kwenye kile cha punda. Nilipokifungua nikaona kijiti cha unyasi mkavu, kimelazwa vizuri kabisa, ukurasa wa themanini na tisa. Nyuma ya hapo kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole chini ya mistari, na harufu ya moshi, ule moshi wanaofukizia vibuyu vya maziwa. Mbele ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe, safi, hazijawahi kuguswa.

Alikuwa hajamaliza. Ukurasa ule mtumishi amefika nyuma ya ukuta mmoja, amechoka, ameketi, na anasikia sauti ya punda upande wa pili. Hapo ndipo nilipomkata.

Aliyenieleza yote ni Makko, yule mama muuza maziwa ambaye nyinyi mnamjua, maana bado anapita na jerikeni zake. Nilimwonyesha ule unyasi. Makko akashika kiuno.

"Kwani wewe ndiye ulimwambia mvua?" akaniuliza. "Ng'ombe walishavuka siku mbili. Watu wote wameenda juu. Yeye akarudi nyuma, miguu, na maji yote hii. Ndugu yake amekasirika sana. Tulidhani ameacha kitu kikubwa Garsen."

"Lakini Makko, si angeniambia tu? Angesema, mama niongezee siku. Ningempa!"

"Aombe?" Makko akanishangaa. "Mtu amekupa kitu yake, ameweka siku kwa mkono wake, wewe uanze kusema hii siku si nzuri? Hapana. Wewe ndiye ulitakiwa umuulize."

Nilikaa chini kwenye kile kistuli cha kupandia rafu, nikalia mbele ya Makko, na maziwa yake niliyokuwa nimeyateleka kwenye jiko la gundi yakachemka yakamwagika. Sina haja ya kulificha.

Kiangazi kilichofuata nilimngoja. Nilikiweka kitabu chini ya meza, unyasi ndani yake. Kila fimbo iliyogonga ukuta nje nilinyanyua kichwa. Hakuja. Walikuwa wamepeleka ng'ombe upande mwingine kabisa. Mwaka uliofuata ukame mkali ukawamaliza ng'ombe wake, akahamia kwa wakwe zake, mbali, kuanza upya na mbuzi wachache. Nilimtumia salamu kupitia kwa Makko kwamba kitabu kipo, na akinitajia alipo nitamtumia kwa mtu. Jibu lilichukua miezi. "Mwambie mwalimu asitume na mtu. Nitakuja nikishuka mwenyewe." Basi nikaendelea kungoja, na miaka nayo ikaendelea.

Hapa ndipo nifike kwenye uhalifu wangu. Mnaijua ile sheria kwamba kitabu kisichoazimwa miaka mitatu hutolewa rafuni. Kila mwaka, wakaguzi wakikaribia, nilikuwa nakitoa kile kitabu, nagonga mhuri, na naandika jina la Galgalo kwenye kadi. Nilikiazima kwa niaba yake na kukirudisha kwa niaba yake. Mkifungua ukurasa wa mwisho mtaona mihuri imepangana, mwaka baada ya mwaka, kama msomaji mwenye wazimu wa punda. Mkaguzi mmoja alisema, "Huyu Galgalo anakipenda kitabu hiki." Nikamwambia, sana. Na mimi ambaye Mzee Buya alinifunza kutoa kila takataka kwenye vitabu, nywele, vipande vya chapati, tiketi za basi, picha za wachumba wa watu, ule unyasi sikuuondoa. Ukakatika mara moja, nikauunga kwa gundi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Makko alirudi kutoka matangani huko juu kwa jamaa zake. Akaja moja kwa moja maktaba, hata maziwa hajauza.

"Nimemwona," akasema. "Mzee sasa. Ndevu nyeupe. Na unajua wanamwitaje? Galgalo wa punda."

Makko akanihadithia. Kwamba yule mtu huwasimulia watu hadithi ya mtumishi na punda, vizuri, neno kwa neno, mpaka pale ukutani. Hapo hunyamaza. Watoto wakimwuliza, je, alikuwa ndiye punda wake, huwajibu, "Nusu nyingine iko Garsen." Watoto wale wamekuwa watu wazima, wana watoto wao, na wote wanajua kwamba nusu nyingine iko Garsen. Wazee wamewahi kubishana siku nzima juu ya punda yule, kwamba bila alama ya sikio kesi haiamuliki. Wamemwomba atunge tu mwisho wake wapumzike. Amekataa. Amesema si yake kuutunga.

"Macho yake?" nikauliza.

"Yanaona bado. Lakini si ya kungoja sana, mwalimu."

"Atashuka lini?"

"Jua ikikaza sana, watashuka. Wasipokosa majani, watashuka kufanya nini?"

Nikastaafu. Nikarudi Chara kwenye mpunga wangu na ndizi zangu. Misimu miwili ikapita, mvua nzuri, mavuno mazuri, kila mtu anashukuru. Na mimi, binti wa mkulima, nikajikuta kanisani wenzangu wakiombea mvua, midomo yangu inafuata na moyo wangu umekaa pembeni. Asubuhi nilikuwa natoka nje, natazama mbingu haina wingu, nafurahi. Halafu najionea aibu, maana jua hilo hilo linakausha mpunga wa jirani zangu na wangu mwenyewe. Mungu anisamehe. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, nawaambia nyinyi kwa maandishi.

Ndipo nikaja Garsen siku ile, Saumu, unakumbuka. Nilikuja kununua dawa ya mgongo, nikasema nipite niwasalimu. Mlikuwa mmeleta kompyuta, mnaingiza vitabu vyote, na pale mlangoni palikuwa na makatoni ya vitabu vya kuondolewa. Mihuri yangu yote kompyuta haikuijua. Kwake kitabu kile hakijawahi kuazimwa na mtu. Nilikiona mgongo wake, gundi yangu mwenyewe, katoni la pili, chini ya kitabu cha simu.

"Mama, hivyo vinaenda," ukaniambia. "Hakuna mtu anavisoma."

"Hiki naazima."

"Uko na kadi?"

Sikuwa nayo! Miaka ishirini na sita nimewaandikia kadi watu wa mji mzima, mwenyewe sikuwahi kuwa msomaji. Ukanijazisha fomu, ukanipiga picha nimefumba macho, ukaniuliza mdhamini ni nani, kisha ukatia sahihi yako wewe mwenyewe. Ukakitoa katonini ukakiingiza kwenye mashine kwa ajili yangu. Kisha ukanipa karatasi. "Siku kumi na nne, mama. Usinichomee." Nikaapa kwamba sitakuchomea, sitakuaibisha. Nisamehe, mwanangu. Hata wakati ule naapa nilijua nasema uongo.

Naomba mfanye jambo moja tu kutokana na maneno yote haya. Mtu akileta kitabu, kabla hamjakigusa kile kidude chenu kinacholia, muulizeni amefika wapi. Inachukua muda mfupi sana. Akisema amemaliza, vizuri. Akinyamaza, kifungueni.

Sasa habari ya wiki hii. Jua limekaza. Mpunga wangu nusu umekauka na sitajifanya kwamba hainiumi. Tangu Jumapili ng'ombe wanashuka, wanapita nyuma ya shamba letu kwenda kwenye majani, vumbi limejaa mpaka ndani ya sufuria. Jirani zangu wamekasirika, wanalinda mashamba. Mimi nachukua kiti changu cha plastiki, kile cha kustaafu, naketi pembeni ya njia yao na kitabu mapajani, nawauliza wapitao. Wengine wanadhani nauza Biblia.

Jana alipita mwanamke na punda wawili wamebeba mizigo. Nikamwuliza kama anamjua Galgalo. Alisimama, akanitazama mimi, akakitazama kitabu, akaweka mkono mdomoni.

"Wewe ni Garsen?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

"Yuko nyuma," akasema. "Na mbuzi. Anatembea polepole, miguu imechoka. Siku nne, tano. Lakini anakuja."

Kwa hiyo, Saumu, siwezi kukirudisha wiki hii, wala ijayo. Atakapofika nitampa kiti hiki nilichokalia, nimpe chai aliyoikosa siku ile, na kitabu, na nitaondoka kabisa karibu naye, kwa sababu anasoma kwa kidole na hapendi kuangaliwa. Ana kurasa sabini na tatu. Kwa mwendo wake ni ukurasa mmoja kwa siku, na macho yake ya sasa pengine nusu ukurasa. Safari hii nitamuuliza yeye anahitaji muda gani, na atakachosema ndicho kitakachokuwa. Kama jina langu limekuwa jekundu kwenye kompyuta yenu, liacheni jekundu. Lakini kama mashine hiyo ina mahali pa mtu kuandika kwa mkono, na akiniambia kwamba inamfaa, niandikieni pale pale tarehe yangu ya kurudisha: mvua ikianza.